Fundi Anajibu: Kabla ya raba, nionyeshe rimu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: raba gani ya breki ni nzuri? Wengine mnaiita pedi, wengine bloku. Mimi nitasema raba, kwa kuwa ndilo jina nililofundishwa nalo nilipokuwa kijana wa kushika tochi na kuokota nati kwa mjomba wangu. Tangu siku hizo jibu langu ni lile lile: niambie kwanza rimu yako ni ya nini. Breki ni nyuso mbili zinazokutana. Watu hulipa kwa ajili ya uso mmoja, na ule wa pili hawautazami hata siku moja, ingawa ndio unaoamua. Nimechagua barua saba. Nyingine zitapata jibu humo humo.

Shikamoo, Fundi. Nimerithi baiskeli ya marehemu babu, ile nzito ya rimu zinazong'aa, breki za waya. Siku za jua inasimama vizuri. Mvua ikinyesha nabana breki mpaka vidole vinauma, nayo inaendelea kwenda kana kwamba sijagusa kitu. Nimeshabadilisha raba mara tatu. Nakosea wapi? – Mjukuu

Marahaba, mjukuu. Pole kwa msiba, na nimefurahi kwamba baiskeli ya mzee haikuachwa iozee uani. Hukukosea, na zile raba tatu huenda hazina ubaya wowote. Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa, uiguse kwenye rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma, na ule mng'aro ni kromu iliyopakwa juu yake. Isiponasa, na rimu ina rangi ya fedha iliyofifia, hiyo ni alumini. Kwa maelezo yako sina shaka itanasa.

Kromu ni ngumu na laini kama kioo. Ikiwa kavu, raba inaishika. Ikilowa, maji hubaki kama utando mwembamba kati ya raba na kromu, na utando huo hauna pa kukimbilia kwa sababu uso wenyewe hauna hata mkwaruzo wa kuyapokea maji. Gurudumu lizunguke mara kadhaa ndipo raba ifute utando na kuanza kushika, lakini mvua ikiendelea rimu inajilowesha upya kila mzunguko. Ndiyo maana raba mpya hazikukusaidia. Ulibadilisha upande usio na tatizo.

Hali hiyo naijua mwilini mwangu. Nilikuwa na miaka 17, mjomba amenituma nipeleke magurudumu mawili tuliyoyasuka, nimeyafunga kwenye keria. Mteremko, mvua, rimu za kromu. Asubuhi ile ile tulikuwa tumefunga raba mpya, nyeusi na ngumu, za aina inayosifiwa kwamba hailiki. Nilibana mbele na nyuma kwa pamoja. Ninachokumbuka zaidi ni ukimya. Breki inayoshika ina sauti yake, hata ikiwa ndogo, na zile hazikuwa na sauti kabisa. Mbele kulikuwa na mti na kando yake mtaro, nikachagua mtaro. Mtulinga wa kushoto ulivunjika, nikakaa wiki sita bila kushika spana. Mjomba hakunigombeza. Alizifungua zile raba, akazigeuza mkononi kwa muda mrefu, akasema hazina kosa, ila sisi tulizifunga kwenye rimu isiyo yake.

Sasa ufanye nini. Zipo raba zilizobandikwa ngozi usoni, na hizo zilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya rimu za chuma zenye kromu. Kwenye kromu iliyolowa ngozi huishinda raba ya kawaida. Sharti lake ni moja: usizihamishie kwenye rimu za alumini, kwa sababu ngozi hushikilia mchanga na vumbi la chuma, na rimu ya alumini ni laini, italiwa. Ukizikosa za ngozi, tafuta raba laini iliyoandikwa kwamba ni ya hali ya mvua. Kampuni ya Kool-Stop ya Marekani ina raba ya rangi ya nyama ya samaki salmoni, ya uwekundu uliopauka, yenye oksidi ya chuma ndani yake. Imejijengea jina kwa kushika kwenye maji, na mimi nimeifunga kwenye rimu za chuma nikaona tofauti. Tofauti hiyo haifuti tatizo, inalipunguza.

Dawa hasa ni kubadilisha rimu zenyewe uweke za alumini. Fremu, habu (kile kitovu cha gurudumu spoki zinakoanzia) na kengele ya babu vibaki vilivyo. Hapo uwe makini na vipimo. Maneno "inchi 28" hayatoshi, kwa kuwa tairi zinazoitwa hivyo zipo za kipimo cha milimita 622 na zipo za milimita 635, na moja haikai kwenye rimu ya nyingine. Namba hiyo imechapwa ubavuni mwa tairi, baada ya namba ya upana. Hesabu pia matundu ya spoki, kwani baiskeli nyingi za zamani za mtindo wa Kiingereza zina 32 mbele na 40 nyuma. Na utarajie kubadilisha spoki, maana rimu mpya inaweza kudai spoki fupi au ndefu zaidi hata kama tairi ni lile lile.

Kuna wanaoichubua kromu kwa msasa ili "ishike". Tafadhali usifanye hivyo. Utapata siku chache za breki nzuri, halafu kutu itaingia chini ya kromu na rimu itaanza kubanduka vigamba. Mpaka utakapopata rimu mpya, mvua ikinyesha gusa breki mapema, kwa wepesi, kabla hujazihitaji, ili raba zifute maji. Kisha bana. Na umbali unaouacha kati yako na aliye mbele uwe mara kadhaa ya ule wa siku kavu.

Fundi, heshima yako. Rimu zangu ni za alumini. Breki zinashika, ila nikibana nasikia kwaru-kwaru kama kuna mchanga, na nimeona mistari imeizunguka rimu yote. Rafiki yangu anasema ninunue raba ngumu zaidi ili zisilike haraka. Nimsikilize? – Msafiri wa kila siku

Rafiki yako anakutakia mema, lakini usimsikilize. Raba ni ya kulika. Rimu inatakiwa idumu kuliko raba kwa mbali sana, kwa kuwa kubadilisha raba ni kazi ya dakika kumi na kubadilisha rimu ni kulisuka gurudumu upya. Ukifunga raba ngumu isiyolika, kitakacholika ni rimu.

Fungua raba zako leo. Ukizigeuza usoni, kwenye mwanga, utaona vidoa vinavyometameta kama chembe za fedha. Hivyo ni vipande vya rimu yako mwenyewe. Mchanga wa barabarani huruka na maji, ukajizika kwenye raba, ukaanza kuikwangua alumini, na vipande vilivyokwanguliwa navyo vikajizika humo humo vikaendelea kukwangua. Raba ikishafika hapo inafanya kazi ya tupa. Vichokoe vyote kwa ncha ya sindano au kisu kidogo, usiache hata kimoja. Kisha laza msasa juu ya meza na usugue uso wa raba juu yake mpaka utokee mweusi mbichi, usio na mng'aro. Rimu ifute kwa kitambaa na spiriti. Usitumie dizeli wala mafuta ya taa, yanaacha utando, na ukishaingia kwenye raba hautoki.

Alumini ina hitaji dogo kuliko chuma, nami huwaambia wateja kwamba ndiyo rimu isiyo na makuu. Raba laini ya kawaida iliyoandikwa kuwa ni ya alumini inatosha. Anayepanda sana mvuani achague ya mvua, yenye mifereji ya kutolea maji na matope, na akubali itaisha mapema. Anayepanda penye ukavu anaweza kutumia iliyo ngumu kidogo. Na raba zilizokaa stoo miaka mingi uziache, hata kama hazijawahi kufungwa. Raba hukauka na kuwa ngumu kwa umri. Ibonyeze kwa ukucha, na kama ukucha hauachi alama, hiyo si raba tena ya kukutegemezea maisha.

Lakini nililotaka kukuambia hasa ni juu ya ile mistari. Nenda kaweke ukingo wa rula ubavuni mwa rimu, pale raba inapogusa. Rimu nzima huwa bapa. Ukiona mwanga katikati, maana yake ubavu umeliwa ukawa kama bakuli. Rimu nyingi zina alama yake: kidoa kilichotobolewa kidogo au mfereji mwembamba unaoizunguka. Kikitoweka, rimu imekwisha. Kama haina alama, fundi mwenye kalipa ya kupimia anaweza kukupimia unene wa ukuta wa rimu, yaani huo ubavu, na mimi ukishuka chini ya milimita 1 siirudishi rimu hiyo barabarani. Ukuta ule ndio unaozuia upepo usilisukume tairi nje. Ukichoka, hupasuka, mara nyingi baada tu ya kujaza upepo au katikati ya kubana breki, na kipande cha rimu huchanua kikajikwamisha kwenye foki. Nimeshaletewa gurudumu la namna hiyo. Mwenyewe alikuja nalo akiwa amefungwa bandeji, na akasema mistari alikuwa ameiona kwa mwaka mzima. Anza na gurudumu la mbele, kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kusimamisha.

Kaka Fundi, habari za kazi. Nimepata magurudumu ya kaboni yaliyotumika. Siku za mashindano nafunga hayo, siku nyingine narudisha ya alumini. Kuna haja ya kubadilisha raba kila mara? Zinaonekana zinashika tu. – Kijana wa mbio

Nzuri, mdogo wangu. Haja ipo, kila mara, bila kuruka hata siku moja. Rudi usome nilivyomjibu msafiri kuhusu vile vidoa vya fedha. Raba iliyofanya kazi wiki nzima kwenye alumini imejaa vipande vya alumini. Ukiipeleka kwenye kaboni Jumamosi, inachora. Kwenye alumini mchoro ni hasara. Kwenye kaboni mchoro unakata nyuzi, na nyuzi ndizo rimu.

Sababu ya pili ni joto. Chukua mtu, baiskeli na mzigo, jumla kilo 90. Wakishuka mteremko wa kimo cha mita 100 huku mwendo ukizuiwa usiongezeke, ni karibu jouli 88,000 zinazotakiwa ziende mahali. Upepo huchukua sehemu, kubwa zaidi ukienda kasi. Zinazobaki hugeuka joto pale pale raba inapogusa rimu. Zingeingia zote kwenye sufuria, zingechemsha karibu robo lita ya maji. Alumini hulisambaza joto hilo kwenye rimu yote na kulimwaga hewani. Kaboni hupitisha joto kwa uvivu, kwa hiyo linabaki ubavuni, na nyuzi zake zimeshikanishwa kwa resini, yaani gundi iliyokauka ikawa ngumu, ambayo ikipata joto la kutosha hulegea. Ubavu unavimba au unapinda, na tairi lenye upepo mwingi limekaa hapo hapo likisukuma.

Raba za kaboni zimechanganywa kwa namna ya kupunguza joto hilo na kushika bila kuukwangua uso. Soma maelekezo ya aliyetengeneza rimu. Wengi hutaja raba yao waziwazi, na ukifunga nyingine dhamana inaweza kufutika. Kwako yaliyotumika dhamana huenda haipo tena, lakini ushauri wao bado una thamani, kwa sababu wao ndio wanaojua resini waliyoweka. Funga seti ya raba kwenye vibebeo vyake (zile shubaka zinazoshika raba kwenye breki), uziweke kwenye mfuko wenye maandishi, na kila gurudumu liende na seti yake. Ukitumia raba za kuchomoa kwenye kibebeo, kazi yote ni skrubu nne ndogo.

Mteremkoni usikae umeshikilia breki kidogo kidogo toka juu hadi chini. Bana kwa nguvu, achia, acha rimu ipoe, bana tena, ukitumia mbele na nyuma. Na kwenye magurudumu ya kaboni ya tairi lenye tyubu, usiweke tyubu za lateksi kama unakoenda kuna miteremko mirefu, kwa kuwa hazivumilii joto.

Sasa naomba uende ukayatazame tena hayo magurudumu kabla hujayafunga, kwa sababu "kaboni" ni neno linalodanganya wanunuzi. Kuna rimu yenye mwili wa kaboni lakini ukanda wa breki wa alumini, ule wa ubavuni unaoguswa na raba. Hiyo inataka raba za alumini. Kinachohesabika ni kile raba inachokigusa, mwili wa rimu uwe wa nini hauna maana. Na kuna rimu za kaboni zilizotengenezwa kwa breki za diski tu, ambazo hazina ukanda wa breki kabisa. Kama ubavu una rangi ya kung'aa au maandishi yanayofika hadi ukingoni, na habu ina pa kufungia diski, usiziguse kwa raba ya aina yoyote. Hazikujengwa kubanwa wala kuchemshwa.

Jambo moja la mwisho kwako: rimu za siku hizi ni pana kuliko za zamani. Ukibadilisha gurudumu, rekebisha waya, usije ukajikuta raba zimegusa kabla hujabana au mkono wa breki umefika kwenye usukani.

Fundi, baiskeli ya binti yangu ikifunga breki inapiga mayowe mpaka majirani wanatoka nje. Rimu zimepakwa rangi ya bluu, ni mpya kabisa. Anaona aibu, sasa anaburuza miguu chini badala ya kushika breki. – Mama wa watatu

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya hilo la kuburuza miguu. Tulimalize wiki hii.

Mayowe ni mtetemo. Raba inashika, inaachia, inashika, mara nyingi sana kwa sekunde, na mkono wa breki unatetemeka nayo. Rangi ya rimu inachangia, kwani raba inaikwangua na rangi inageuka utando wa kunata. Ukanda unaoguswa na raba utaondoka rangi wenyewe kwa matumizi. Mpaka hapo futa rimu kwa spiriti kila baada ya siku chache, na usugue uso wa raba kwa msasa. Usifute rimu kwa mafuta ya kupaka wala sabuni yenye nta, hata kama itang'aa.

Kisha irekebishe raba ili ncha yake ya mbele, upande gurudumu linakoelekea, itangulie kugusa rimu kwa unene wa kadi moja ngumu. Legeza nati ya raba, weka kadi kati ya rimu na sehemu ya nyuma ya raba, mwambie binti abane breki na aendelee kubana, kaza nati, toa kadi. Kwenye breki za V, zile zenye mikono miwili mirefu iliyosimama pande mbili za gurudumu, utakuta wosha zenye umbo la bakuli pande zote mbili za mkono wa breki. Hizo ndizo zinazoiruhusu raba ielekee unakotaka, kwa hiyo usizipange ovyo. Raba isiguse tairi juu, na isiteremke chini ya rimu kuelekea spoki. Endelea kuitazama, maana kwenye breki za V raba hushuka kidogo kidogo kadiri inavyolika.

Na mpime mkono. Kwenye breki nyingi kuna skrubu ndogo karibu na mahali waya unapoingilia, inayouvuta mkono wa breki karibu na usukani. Mtoto asiyefikia breki kwa vidole vyake atatumia miguu hata breki zikiwa kimya.

Rangi ya raba ina maana gani? Nimeona nyeusi, nyekundu, kijani, njano. – Mdadisi

Ina maana ndani ya kampuni moja tu. Kwa Kool-Stop ile ya salmoni ni ya mvua na nyeusi yao ya kawaida ni ya ukavu. SwissStop wana raba ya njano inayojulikana sana kwa rimu za kaboni. Lakini hakuna sheria inayomzuia mwingine kutengeneza raba ya njano ya alumini ya kawaida kwa sababu inapendeza. Soma maandishi ya kwenye pakiti. Raba isiyosema ni ya rimu gani ichukulie kuwa ni ya alumini, na usiijaribishe kwenye kaboni.

Humo humo nimjibu aliyeuliza kuhusu rimu nyeusi zilizokwaruza kama msasa mwororo, ambazo zilimaliza raba zake kwa muda mfupi. Ndugu, hizo ni rimu zilizopakwa kauri ubavuni. Zinashika vizuri ajabu mvuani na haziliki upesi, lakini zinazitafuna raba za kawaida. Zipo raba zilizochanganywa kwa ajili ya kauri peke yake. Tafuta hizo, na ukizikosa, rudisha gurudumu la alumini mpaka uzipate.

Baiskeli yangu ina breki za vyuma, haina waya hata mmoja. Nikifunga rimu za alumini kama ulivyomshauri mtu mmoja, zitanisaidia mvuani? – Mzee wa zamani

Shikamoo mzee. La, usizinunue. Breki za vyuma haziibani rimu ubavuni. Zinavuta raba kwenda juu, zikaikandamiza ile sehemu ya rimu inayotazama habu, kando ya spoki, na rimu yake imeundwa maalumu ikiwa na kingo mbili bapa za kupokea raba hizo. Rimu ya kawaida ya alumini haina kingo hizo. Kwako njia ni raba za umbo lake lile lile la mraba, zilizo laini na mpya, na rimu iliyofutwa mara kwa mara. Hakikisha pia spoki zimekazwa sawasawa. Gurudumu likipanda na kushuka, raba itagusa upande mmoja wa mzunguko na kukosa upande mwingine, na hiyo utaisikia mkononi kama mapigo.

Fundi, jana nikiwa kwenye mteremko nilibana breki ya mbele, raba ikachomoka ikaruka barabarani! Nimenusurika kwa breki ya nyuma. Raba zilikuwa mpya, nilifunga mwenyewe. – Bado natetemeka

Pole sana, na nashukuru kwamba ya nyuma ilikuwa nzima. Kibebeo cha raba za kuchomoa kina ncha moja iliyofungwa na moja iliyo wazi ya kuingizia raba. Gurudumu likizunguka na wewe ukabana, rimu huivuta raba kuelekea mbele. Kwa hiyo ncha iliyofungwa lazima itazame mbele, ili raba ijikite hapo. Zako bila shaka zilitazama nyuma, na breki yenyewe ndiyo iliyoisukuma raba nje. Angalia maandishi: vibebeo vingi vimeandikwa L na R, kushoto na kulia kwa aliyekaa juu ya baiskeli, au vina mshale wa kufuata mwelekeo wa kwenda mbele. Kisha kuna skrubu ndogo sana au pini inayoizuia raba. Watu huipoteza wakaona haina kazi. Usipande bila hiyo.

Ukishafunga upya, simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu zako zote na uisukume baiskeli mbele mpaka gurudumu la nyuma linyanyuke. Rudia mara tano. Halafu inama utazame kama raba imesogea hata kwa unene wa ukucha. Fanya hivyo na ya nyuma pia, kwa sababu aliyezifunga zote mbili ni mtu mmoja.